Aksolotli wako ameacha kula? Uliza kwanza maji yalitoka wapi

Aksolotli, mnyama wa majini wa jamii ya amfibia kama chura, hana namna ya kulalamika. Halii, hapigi kelele, na siku yake ya kwanza ya ugonjwa hufanana na siku nyingine yoyote: ametulia chini ya tangi, mdomo kimya. Wafugaji wengi hushtuka siku ya nne au ya tano, na hapo hukimbilia duka la samaki wa mapambo kununua chupa ya dawa ya rangi. Mara nyingi chupa hiyo ndiyo inayommaliza. Ngozi yake haina magamba, kwa hiyo kilicho majini humwingia mwilini, na dozi iliyopimwa kwa ajili ya samaki inaweza kuwa sumu kwake. Dawa zenye shaba, fomalini au malakaiti ya kijani zisimkaribie kabisa.

Mpangilio unaofaa ni huu: maji, kisha joto, kisha mnyama mwenyewe, na dawa mwisho. Jijini Nairobi mpangilio huu una maana zaidi kuliko kwenye miji mingi, kwa sababu nyumba moja inaweza kutumia maji ya aina tatu ndani ya wiki moja: ya mfereji siku ya mgao, ya boza mgao ukikwama, na ya kisima cha ploti siku zilizobaki. Kwako wewe yote ni maji. Kwa aksolotli ni kama kuhamishwa mto mara tatu.

Vifaa vya kuwa navyo kabla shida haijaja

Nunua kipimajoto cha maji, na seti ya vipimo vya matone vya amonia (sumu inayotokana na kinyesi na mabaki), nitriti, nitrati na pH (kipimo cha uchachu wa maji). Karatasi za kuchovya hukosea mno, na nyingi hazipimi amonia, ambayo ndiyo unayoihitaji kuliko vyote. Ongeza mizani ya jikoni inayosoma gramu, beseni mbili za plastiki za lita 15 hadi 20 ambazo hazijawahi kuonja sabuni, dawa ya kuondoa klorini isiyo na iodini wala mshubiri, pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, na bomba la sindano la mililita 60 lisilo na sindano, la kunyonyea kinyesi na mabaki.

Halafu daftari. Kila siku andika joto la maji saa moja asubuhi na saa kumi alasiri, alichokula, kama amejisaidia, na kila unapobadilisha maji andika maji hayo yalitoka wapi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayotegua vitendawili vingi.

Dakika kumi za kwanza

1. Soma joto la maji.

2. Pima amonia, nitriti, nitrati na pH kabla hujabadilisha tone moja. Ukibadilisha maji kwanza, umefuta ushahidi.

3. Mpige picha mbili, moja kutoka juu na nyingine ubavuni, ili kesho ujue kama anapona au anazidi.

4. Rudi nyuma siku saba kwenye daftari. Tafuta kilichobadilika: maji, chakula, mwenzake mpya, mchanga mpya, dawa ya mbu iliyopulizwa chumbani, stima iliyopotea usiku kucha.

5. Acha kumlisha mpaka uelewe kinachoendelea. Aliyekomaa na mwenye mwili haumizwi na wiki moja bila chakula. Mabaki yanayooza ndiyo yatakayomuumiza.

Vipimo vinavyotakiwa ni hivi: joto nyuzi 16 hadi 18, amonia 0, nitriti 0, nitrati chini ya miligramu 20 kwa lita. pH ya 7.4 hadi 7.6 ndiyo nzuri zaidi, ingawa huvumilia kati ya 6.5 na 8 mradi isirukeruke. Amonia au nitriti ikionekana hata kwa kiasi kidogo, usitafute ugonjwa mwingine kwanza. Tangi ambalo halijakomaa, yaani halijapata wiki 4 hadi 8 za kujenga bakteria wa kula amonia kabla ya mnyama kuingia, litakupa majibu hayo kila wiki.

Maji matatu ya Nairobi

Sehemu kubwa ya maji ya mfereji jijini hutoka bwawa la Ndakaini, na mengine Sasumua na Ruiru, kwenye miteremko ya Aberdare. Ni maji laini, yenye madini machache, na hutiwa klorini. Klorini huunguza matamvua, yale manyoya ya kupumulia yaliyo nje ya kichwa chake: yanageuka mekundu isivyo kawaida, mnyama anarukaruka, kisha ananyong'onyea. Mgao ukirudi baada ya siku kadhaa, yale ya kwanza huja na tope na kutu ya bomba. Yaache yapite, yatafaa kufulia. Yanayofuata yakinge kwenye pipa safi, tia dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo cha kibandiko, weka jiwe la hewa, yaache saa 24. Kumbuka pia tangi jeusi la juu ya paa. Mwezi wa Februari maji yake ya mchana huwa ya uvuguvugu, kwa hiyo chota alfajiri.

Maji ya kisima kirefu, na mengi ya boza hutoka huko, ni tofauti kabisa. Visima vya Nairobi vingi vina bikaboneti (madini yanayozuia pH isishuke) na floridi kwa wingi, na pH yake iko juu. Hapa kuna mtego wa kipimo: maji yanapotoka ardhini huwa yamebeba gesi ya kaboni dayoksaidi inayoshusha pH. Ukipima papo hapo unaweza kusoma 7.3 ukafurahi, gesi ikishatoka, kesho yake ni 8.3. Pima baada ya kuyapulizia hewa saa 24. Boza nalo huenda limetiwa klorini na dereva mwenyewe kwa mkono, bila kipimo, kwa hiyo tia dawa ya kuondoa klorini hata kama maji hayanuki.

Maji ya mvua kutoka kwenye mabati hayana madini ya kutosha kumweka mnyama, na hubeba vumbi na masizi ya jiji. Yaliyokingwa baada ya mvua kuosha paa vizuri yanafaa kufidia tu yaliyokauka.

Tangi linaloua siku linapooshwa

Hili ndilo tukio la kuelewa hadi mwisho. Mfugaji anatumia maji laini ya mfereji kwa miezi. Bakteria wa kwenye filta wakila amonia hutoa asidi, na asidi hiyo inakula bikaboneti kidogo iliyokuwemo. Bikaboneti ikiisha pH inaporomoka, inafika 6 au chini zaidi. Bakteria wanazubaa, amonia inaanza kujaa, lakini mnyama anaonekana yuko sawa. Sababu ni kwamba kwenye pH ya chini karibu amonia yote iko katika umbo lisilo na madhara makubwa. Kwa pH 7 na joto la nyuzi 20, sehemu iliyo sumu haifiki nusu asilimia. Kwa pH 8 ni karibu asilimia 4. Kwa 8.5 inapita asilimia 10. Kipimo chako hakitofautishi, kinasoma jumla.

Sasa mgao unakwama wiki mbili. Mfugaji anaona maji yamechafuka, ananunua maji ya boza, anabadilisha nusu ya tangi kwa nia njema. pH inapanda kutoka 6 hadi karibu 8 ndani ya dakika chache. Ile amonia iliyokuwa imelala inaamka yote kwa pamoja. Jioni mnyama anagaagaa, ngozi inatoa ute mweupe, matamvua yamelala. Lawama zinaenda kwa boza, "maji yalikuwa na sumu." Hayakuwa na sumu. Sumu ilikuwa ndani ya tangi ikisubiri mlango ufunguliwe.

Kwa hiyo, ukisoma pH chini ya 6.5 pamoja na amonia juu ya 0, fanya hivi:

1. Usimwage maji ya kisima wala bikaboneti ndani ya tangi.

2. Muhamishie mnyama kwenye beseni la maji safi ya mfereji yaliyoondolewa klorini, yenye joto lile lile la tangi.

3. Badilisha robo ya maji ya tangi kila siku kwa maji ya mfereji, bila mnyama ndani, mpaka amonia isome 0.

4. Hapo ndipo unarudisha bikaboneti. Magadi ya kuokea (baking soda) yasiyochanganywa na kitu, gramu 3 kwa lita 100, hupandisha ugumu wa bikaboneti kwa digrii moja hivi. Usipite digrii moja kwa siku. Yayeyushe kwanza kwenye kikombe. Lenga digrii 3 hadi 8. Usichukue hamira ya unga ya keki, ile ina asidi ndani yake.

5. Kwa matunzo ya muda mrefu, weka kiganja cha maganda ya chaza yaliyopondwa, yale ya chakula cha kuku kwenye maduka ya agroveti, ndani ya soksi safi karibu na filta. Yaoshe hadi maji yatoke safi, na hakikisha hayajachanganywa na dawa wala vitamini. Huyeyuka polepole yenyewe. Soksi ifungwe, maana aksolotli humeza chochote kinachoingia mdomoni.

Ukilazimika kuhama kutoka mfereji kwenda kisima, changanya: robo ya kisima wiki ya kwanza, nusu wiki ya pili, na kila mara amonia iwe 0 kabla ya kumwaga.

Joto

Xochimilco, kwao, Meksiko, ni zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu 1,700. Ndiyo maana jiji hili linamfaa kuliko Mombasa, ambako bila mashine ya kupoza maji hawezi kufugwa. Juni hadi Agosti hutahitaji kufanya lolote. Kazi iko Januari hadi Machi, kwenye nyumba ya ghorofa yenye dirisha kubwa la magharibi au chumba cha mabati, ambako maji hupita nyuzi 23 alasiri.

Kuanzia 22 anaanza kusumbuka. 24 kwa siku mfululizo ni hatari. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo wakati mwili wake unaitaka zaidi, na bakteria na ukungu huzaana upesi. Ugonjwa unaouona Machi mara nyingi ulianza na joto la Februari.

Sogeza tangi chini, karibu na sakafu, mbali na dirisha na friji. Elekeza feni ndogo kwenye uso wa maji, ukiondoa kifuniko na kuweka wavu. Hewa kavu ya Januari huifanya feni ishushe nyuzi 2 hadi 3. Fidia kinachokauka kila siku. Chupa ya maji ya nusu lita iliyogandishwa, ikielea kwenye tangi la lita 80, itashusha takriban nyuzi 0.6 tu, kwa hiyo chupa moja haikuokoi: unahitaji mbili asubuhi, mbili mchana, nyingine zikigandishwa. Usitupe vipande vya barafu vya maji ya mfereji ndani, vina klorini. Usishushe zaidi ya nyuzi 2 au 3 kwa siku.

Stima ikipotea, washa pampu ya betri upesi. Kama unatumia filta ya kopo lililofungwa, baada ya saa kadhaa bakteria wa ndani huanza kufa kwa kukosa hewa. Stima ikirudi usiiache iwake tu na kutema maji yaliyooza ndani ya tangi. Ifungue, mwaga, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Kumsoma mnyama

Matamvua yaliyopinda kuelekea mbele, na ncha ya mkia iliyojikunja kama ndoano, ni dalili za kusumbuka. Kama vipimo na joto viko sawa, tazama mkondo wa filta. Aksolotli ni wa maji yaliyotulia. Ukiona matamvua yanapeperushwa upande mmoja muda wote, geuza bomba lielekee kwenye kioo au badilisha uweke filta ya sponji.

Kuna mambo ambayo si ugonjwa, na huwatisha wapya. Dume aliyekomaa huvimba pande mbili za kloaka, yaani tundu la kutolea kinyesi, nyuma ya miguu ya nyuma. Si uvimbe wa saratani. Jike mwenye mayai hupanuka mbavuni, na akitaga anaweza kutoa mamia kwa mara moja. Aksolotli weupe wenye macho meusi huweza kupata ncha za vidole nyeusi wakikomaa. Kupanda juu kumeza hewa mara moja moja ni kawaida. Mguu uliong'atwa na mwenzake utaota tena kwa wiki kadhaa hadi miezi michache, mradi maji yawe safi na yule mwenzake atengwe.

Asiyekula. Ukiondoa maji na joto, angalia chakula chenyewe. Chakula bora ni nyungunyungu wakubwa wa udongoni. Wale wadogo wekundu wa mboji, wanaouzwa kwa wakulima, hutoa majimaji machungu na aksolotli wengi huwatema; wachovye sekunde chache kwenye maji moto, wasuuze, uwakate. Usichimbe nyungunyungu kwenye shamba lililopuliziwa dawa au kando ya mtaro wa maji taka. Nyama ya ng'ombe na maini humjaza mafuta, omena wakavu wa sokoni huoza haraka kuliko anavyowala, na samaki hai wa dukani humletea vimelea. Mkubwa hula mara moja kila siku 2 au 3. Mdogo kila siku.

Anayeelea. Kama amemeza hewa wakati wa kula, atashuka ndani ya saa chache. Akielea zaidi ya siku nzima, akipinduka tumbo juu, au tumbo likiwa gumu na hajajisaidia siku nne au tano, fikiria kuziba. Sababu kubwa ni kokoto. Chochote kinachotosha kuingia mdomoni kitamezwa, na aksolotli ana mdomo mpana. Tangi liwe tupu chini, au lenye mchanga laini wa chembe zisizozidi milimita moja, na huo ni kwa waliopita sentimita 15. Mweke beseni lenye maji kidogo, ya kumfunika mgongo tu, ili miguu iguse chini. Usimlishe. Shusha joto taratibu hadi 15 au 16. Wapo wanaopendekeza kumweka ndani ya friji kwa nyuzi 5 hadi 8. Njia hiyo hupunguza kasi ya mwili, na imewahi kusaidia, lakini friji nyingi za nyumbani hazishikilii joto hilo sawasawa, stima ikikatika na kurudi joto linapanda na kushuka, na kama aliyeziba ana jiwe kubwa unachelewesha tu picha ya eksirei. Usiifanye bila daktari.

Mwenye pamba nyeupe kwenye matamvua au kwenye kidonda. Huo ni ukungu, na hushika ngozi iliyokwisha kudhoofika kwa amonia, joto au kung'atwa. Kidoa kidogo huondoka chenyewe kwa maji safi na baridi. Kikienea, muhamishie beseni na uanze tiba ya chai, kisha ya chumvi ikibidi, kama ilivyoelezwa hapa chini.

Mwenye wekundu. Mishipa kuonekana kidogo kwenye mnyama mweupe si neno. Mabaka mekundu tumboni au mapajani, mwili kuvimba kama puto, damu kutoka kwenye matamvua, kloaka kutokeza nje, au kushindwa kujigeuza akipinduka: hapo hakuna tiba ya nyumbani. Huenda bakteria wameingia kwenye damu, na siku mbili za kujaribu chumvi ni siku mbili zilizopotea.

Beseni la matibabu

Beseni ni wodi yake. Usimchote kwa wavu. Vidole na matamvua hunasa. Zamisha kopo pana, mwongoze aingie mwenyewe, umbebe na maji yake.

Jaza beseni lita 10 au zaidi za maji yaliyoondolewa klorini, yenye joto sawa na la tangi, tofauti isizidi nyuzi moja. Weka kipande cha bomba la plastiki ajifiche, funika kwa kitambaa chepesi, weka mahali pa giza na baridi. Hakuna filta, kwa hiyo maji yote hubadilishwa kila baada ya saa 24, bila kukosa. Ndiyo maana beseni ni mbili: andaa la kesho leo jioni, likae chumba kimoja na lile lenye mnyama ili joto lilingane. Kinyesi kikionekana, kinyonye papo hapo. Siku ambayo huna maji ya kubadilisha, ni heri arudi kwenye tangi lenye vipimo vizuri kuliko kukaa kwenye mkojo wake.

Chai: chukua pakiti moja ya chai nyeusi tupu, isiyo na tangawizi, iliki wala ladha yoyote, kwa kila lita 8 hadi 10. Ichemshe kwenye kikombe, iache ipoe kabisa, mimina kwenye maji ya beseni. Tanini zake hukaza ngozi na kuzuia ukungu kidogo. Jani kubwa kavu la mkungu hufanya kazi hiyo hiyo, kama una mti usiopuliziwa dawa. Ni tiba ya upole. Usiitegemee kwa kidonda kirefu.

Chumvi: hii ina nguvu, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Chumvi ya mezani nchini hutiwa iodini kwa mujibu wa sheria, nayo iodini huweza kuchokoza mnyama huyu kuanza kugeuka kuwa wa nchi kavu, jambo ambalo hufupisha maisha yake. Tafuta chumvi tupu ya akwaria, isiyo na iodini wala dawa ya kuzuia kugandana.

1. Pima lita 5 za maji yaliyoondolewa klorini, yenye joto la beseni lake.

2. Yeyusha gramu 50 za chumvi, yaani gramu 10 kwa lita. Tumia mizani; kijiko hutofautiana. Koroga mpaka chembe zote ziishe.

3. Muingize, washa saa, usiondoke. Dakika 10. Dakika 15 ni mwisho, na si za siku ya kwanza.

4. Akitapatapa au kupinduka kabla ya muda, mtoe mara moja.

5. Muhamishie kwenye maji safi yasiyo na chumvi. Usirudishe maji ya chumvi kwenye beseni wala tangi.

Mara moja kwa siku, mbili ukungu ukiwa mwingi, kwa siku 3 hadi 5. Baada ya hapo chumvi yenyewe inaanza kuunguza matamvua. Pamba huwa inakauka na kudondoka. Usiivute kwa kibanio.

Kumpeleka kwa daktari

Piga simu kwanza uulize kama daktari hutibu samaki na amfibia, kwani wengi mjini wamezoea mbwa na paka. Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete ya Juu, na ni mahali pa kuulizia ukikosa pengine. Hakikisha anayekuhudumia amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Antibiotiki za binadamu kutoka duka la dawa, hata kama muuzaji anakuhakikishia, usizimimine majini: huua bakteria wa filta, na dozi inayomfika mnyama haijulikani.

Usimlishe siku moja kabla ya safari. Mtie kwenye kopo lenye kifuniko kilichotobolewa, maji yamfunike, na kopo liingie ndani ya kikapu cha kupozea pamoja na chupa iliyogandishwa ambayo imefungwa taulo na iko nje ya kopo. Ondoka asubuhi. Msongamano wa Thika Road saa nane mchana utamchemsha kabla hujafika. Beba pia daftari, zile picha, uzito wake wa leo, na robo lita ya maji ya tangi kwenye chupa safi tofauti.

Akifa

Kama ana wenzake, au kama hujui kilichomuua, mwili wake bado una jibu. Mfunge kwenye mfuko wa plastiki, mweke ndani ya friji, usimgandishe, kwa sababu barafu hupasua tishu na mpasuaji haoni kitu. Mfikishe kwa daktari ndani ya saa 24. Pima maji ya tangi siku hiyo hiyo kabla ya kuyamwaga. Vifaa vyake vyote, wavu, bomba na sponji, visiingie tangi lingine mpaka vimelowekwa kwenye maji ya klorini ya kufulia, vikasuuzwa na kukaushwa juani. Maji ya tangi mwaga chooni, wala si mtaroni, na aliyebaki hai usiyemtaka tena asipelekwe mtoni wala bwawani: mtafutie mfugaji mwingine, umpe pamoja na daftari.